Akiba ya Ghalani: Jinsi Vitu Vilivyotupwa Vinavyomjenga Msanii

Katika mkutano wetu wa mwaka jana tulipewa taarifa mbili. Ya kwanza ilisema kwamba somo la sanaa limesimama shuleni kwa sababu hakuna rangi, hakuna turubai, wala hakuna fedha za kununulia vitu hivyo. Ya pili ilisema kwamba ghala lililo nyuma ya karakana litasafishwa, na kwamba vyote vilivyomo vitauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Taarifa hizi zilisomwa mbalimbali, kana kwamba hazihusiani. Baadhi ya wenzetu wakapendekeza tuchange fedha za kuagiza rangi kutoka ng'ambo. Wengine wakajibu kwamba fedha hizo zingefaa zaidi maabara ya kemia. Mkutano ukaisha bila uamuzi.

Mimi ni mwalimu wa historia niliyestaafu, na tangu nilipokuwa Kidato cha Pili nimependa kazi za mikono. Naona kwamba taarifa zile mbili ni habari moja. Lakini badala ya kubishana, naomba Ndugu Mhariri aniruhusu nitoe hoja yangu kwa njia niliyoizoea, yaani kwa kueleza mambo yalivyotokea na kwa nini yalitokea. Ninaandika kwa ajili ya wazee wenzangu tuliomaliza zamani, na zaidi kwa ajili yenu vijana mlio madarasani sasa.

Desturi ya tangu zamani

Kwanza tusidhani kwamba kukipa kazi mpya kitu kilichokwisha kazi yake ni jambo la kigeni. Ukienda Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, utayaona makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Katika nguzo zile yalipachikwa mabakuli na sahani za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Desturi hiyo ilikuwako pia katika miji mingine ya kale ya pwani yetu. Bakuli lililotengenezwa ili watu walie chakula likawa pambo la heshima ya marehemu. Aliyelipachika hakulitengeneza yeye. Alilichagua, akalipa mahali, na kwa kulipa mahali akalipa maana nyingine.

Katika nyumba zetu nako, nani asiyejua koroboi iliyotokana na kopo, au katambuga zilizokatwa katika gurudumu la gari? Nani katika umri wangu hakuendesha gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, au hakupiga mpira wa matambara?

Hata mtindo wa picha unaojulikana zaidi nchini Tanzania ulizaliwa katika uhaba. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya hadibodi vya futi mbili kwa mbili, ubao ule ule wa mafundi ujenzi, na rangi ya kupakia baiskeli. Rangi ile hung'aa, nayo haikubali kwa urahisi kufifizwa taratibu kutoka mwanga hadi kivuli. Basi picha zake zikawa na rangi bapa, wanyama wenye mistari dhahiri, na uso unaomeremeta kama baiskeli mpya. Tingatinga alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne tu hivi, lakini wanaofuata mtindo wake wapo hadi leo. Tukisema kwamba alitumia rangi ya baiskeli kwa kukosa rangi nzuri, tumesema nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba rangi ya baiskeli nayo ilimfundisha namna ya kuchora.

Ulaya ilivyogutuka

Huko Ulaya, kwa karne nyingi, msanii alitazamiwa kutumia vifaa vya sanaa tu: rangi ya mafuta, marumaru, shaba. Mwaka 1912 Pablo Picasso alibandika katika picha yake kipande cha kitambaa cha mezani kilichopigwa chapa ya ususi wa kiti cha henzerani, kisha akaizungushia picha hiyo kamba badala ya fremu. Ilikuwa picha ndogo, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Aliyeingia katika mlango huo na kufanya makao humo ni Mjerumani Kurt Schwitters, mzaliwa wa Hannover mwaka 1887. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi yake ilikuwa imevunjika, fedha ilikuwa ikipoteza thamani, na watu walikuwa na njaa. Schwitters akaanza kuokota tiketi za tramu, bahasha, vipande vya magazeti, vifungo na mbao. Mwaka 1919 aliipa kazi yake jina la Merz. Neno hilo halikuwa na maana yoyote; alilikata katika tangazo la benki, kutoka mwishoni mwa neno la Kijerumani lenye maana ya biashara. Hata jina basi lilikuwa la kuokota.

Utawala wa Wanazi ukamfukuza kwao. Alikimbilia Norway mwaka 1937 na Uingereza mwaka 1940, ambako aliwekwa kizuizini katika kisiwa cha Man pamoja na Wajerumani wengine. Humo kambini alikosa hata plasta, akafinyanga sanamu kwa uji uliobaki. Zilioza, naam, na wenzake walilalamika kwa harufu. Lakini nawaomba vijana mlifikiri jambo hili: mtu aliyezoea kuanza kazi kwa kutazama kilichopo mbele yake hawezi kunyang'anywa sanaa yake kwa kunyang'anywa vifaa.

Mwalimu wa Nsukka

Mfano nitakaoueleza kwa urefu ni wa Mwafrika, tena mwalimu. Naye ni El Anatsui.

Alizaliwa mwaka 1944 Anyako, katika nchi iliyoitwa Gold Coast wakati ule na ambayo tangu 1957 ni Ghana. Katika watoto 32 wa baba yake, yeye alikuwa kitinda mimba. Baba yake na ndugu zake walifuma vitambaa vya kente, lakini yeye hakufundishwa kufuma. Alilelewa na jamaa yake aliyekuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma sanaa katika chuo kikuu cha Kumasi, akahitimu mwaka 1968, na mwaka uliofuata akapata stashahada ya ualimu. Mafunzo ya chuoni yalikuwa ya kufuata Uingereza: sanamu za plasta, historia ya sanaa ya Ulaya. Ili kupata cha kwao, alitoka nje ya chuo na kwenda kuwatazama mafundi wa Kumasi wakichonga, wakifuma na kupiga chapa vitambaa vya adinkra. Hapo alijifunza kwamba alama ndogo ya adinkra yaweza kubeba wazo zima, kama methali inavyobeba.

Mwaka 1969 aliajiriwa kufundisha Winneba, mji wa pwani. Sokoni aliona vyano vya mbao vya mviringo ambavyo akina mama hupangia samaki, nyanya na vitunguu. Akavichukua vyano vile, akavipamba ukingoni, akavichoma alama kwa chuma cha moto. Tazameni alichokifanya. Hakuchonga sanamu ya mama wa sokoni. Alichukua chombo ambacho mikono ya mama huyo imekishika, na akakitundika ukutani ili tukitazame kwa mara ya kwanza kitu tulichokwisha kukiona mara elfu.

Mwaka 1975 alihamia Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1960, na mji wa Nsukka ulitekwa mapema katika vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Katika idara ya sanaa, Uche Okeke na wenzake walikuwa wakihimiza wasanii waanze na mapokeo ya kwao. Huko Anatsui aligeukia vyungu vilivyovunjika. Wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana, maana lugha yetu ina neno gae. Chungu kikivunjika hakitupwi chote: gae huchukulia makaa ya moto kwa jirani, huwekewa kuku maji, hukaangia. Chungu kizima kina kazi moja. Gae lina kazi nyingi. Katika nchi iliyokuwa imevunjika na kuunganishwa upya, nadhani kila aliyeviona vyungu vile vilivyounganishwa kwa vipande alielewa.

Kisha ikaja mbao. Mwaka 1980, alipokuwa mgeni katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, alianza kuchonga kwa msumeno wa injini. Msumeno huo haubembelezi. Hupasua na kuacha majeraha. Anatsui akaona kwamba majeraha yale ni lugha ya kuelezea Afrika ilivyokatwa vipande na wageni. Baadaye akachukua vinu vikuukuu vilivyochoka kutwangwa na kuvifanya sanamu zilizosimama kama watu. Kinu ambacho familia nzima imekula kutoka ndani yake kwa miaka mingi, nani aseme ni gogo tu?

Mfuko wa vizibo

Katika miaka ya mwisho ya 1990, alipokuwa akitembea katika viunga vya Nsukka, aliona mfuko uliotupwa. Ndani yake mlikuwa na vizibo vya bati vya chupa za pombe kali. Akauchukua hadi kwenye karakana yake. Na hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote: hakufanya nao lolote. Mfuko ulikaa kwa miezi huku akiendelea na kazi nyingine, akitumia vifuniko vya makopo ya maziwa na mabati yaliyotobolewa ya kukwaruzia mihogo. Wakati ulipofika akavitwanga vizibo vile vikawa bapa, akavitoboa, akaviunganisha kwa waya mwembamba wa shaba. Likatokea shuka la bati, jekundu na la rangi ya dhahabu, linalokunjika kama nguo. Mtoto wa mfumaji, ambaye hakufundishwa kufuma, alikuwa amefuma.

Mbili kati ya kazi zake za kwanza za namna hiyo, moja ikiitwa nguo ya mwanamume na nyingine nguo ya mwanamke, zilinunuliwa na Makumbusho ya Uingereza mjini London. Nilibahatika kwenda huko kumtembelea binti yangu, nikaingia katika vyumba vya Afrika vilivyo chini ya jengo lile. Kwa mbali nilidhani naona kitambaa cha mfalme fulani. Nilipokaribia nikasoma majina ya pombe. Nikasimama pale kwa muda mrefu. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta Afrika Magharibi kubadilishana na dhahabu na binadamu, na Anatsui mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba historia hiyo imo katika vizibo vile. Nilifundisha biashara ya utumwa kwa miaka mingi kwa chaki na ramani. Sijapata kuiona ikielezwa kwa kitu chepesi namna ile.

Mwaka 2007 shuka zake zilitundikwa katika maonyesho ya Venice, moja ikifunika uso wa jumba zima la kale. Mwaka 2015 maonyesho hayo hayo yalimtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024 shuka zake kubwa mno zilining'inia katika ukumbi mkuu wa Tate Modern, London, uliokuwa zamani ukumbi wa mitambo ya umeme. Na muda wote huo, hadi alipostaafu miaka 35 hivi baada ya kuhamia Nsukka, alikuwa mwalimu.

Kukusanya kulimfanya nini?

Naona mambo manne.

La kwanza ni subira. Mwenye kununua rangi huanza na wazo, kisha hutafuta kifaa. Mwenye kukusanya huanza na kifaa, kisha hungoja wazo. Wahenga walisema akiba haiozi, na mfuko ule wa vizibo ni ushahidi.

La pili ni kumbukumbu. Fundi wa koroboi, ambaye namheshimu sana, hulikata kopo mpaka lisahau kwamba lilikuwa kopo. Msanii wa namna ya Anatsui hufanya kinyume: hulibadili kopo, lakini halikubalii lisahau. Hapo ndipo penye tofauti kati ya ufundi wa kutumia tena na sanaa ya kuokota.

La tatu ni umbo. Hakuna aliyekaa chini akabuni sanamu isiyo na umbo la kudumu. Waya na vizibo ndivyo vilivyoileta. Shuka zile hukunjwa, husafirishwa, na kila zinapotundikwa hupata mikunjo mipya. Wanaozitundika huruhusiwa kuamua. Kifaa kilimwonyesha msanii jambo ambalo marumaru lisingeweza kumwonyesha.

La nne ni ushirika. Shuka moja huhitaji vizibo maelfu kwa maelfu, na mtu mmoja hawezi kuviunganisha. Basi vijana wa Nsukka wakaajiriwa, wakaketi pamoja kukata, kukunja na kufunga waya. Vipande vyao vikapangwa sakafuni na kupanguliwa hadi mwalimu aridhike. Aliyetembea peke yake na kuokota mfuko mmoja akajikuta na karakana nzima. Tena tuseme kweli: kuokota kulitokea mara moja. Kazi ilipokua, vizibo vilibidi vitafutwe na kununuliwa. Kuokota kulikuwa mlango, si nyumba.

Majibu kwa wapinzani

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba hii ni sanaa ya kujifariji kwa umaskini, na kwamba watoto wetu wanastahili rangi nzuri kama watoto wa wengine. Nakubali kwamba wanastahili. Sipingi mchango wa rangi. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Rangi ya mchango itakwisha katika muhula mmoja, na somo litasimama tena kwa sababu ile ile. Mwanafunzi aliyefundishwa kutazama hatasimama.

Litasemwa pia kwamba kila jalala si sanaa. Ni kweli tupu. Anatsui alisoma miaka mingi, akajua kuchora, kufinyanga na kuchonga, kabla hajainama kuuokota mfuko ule. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kijana anayedhani kwamba kurundika makopo kunatosha atapata rundo la makopo. Ndiyo maana nasema somo lirudi, pamoja na mwalimu, siyo ghala libaki peke yake.

Tena kuna hatari: chupa zilizovunjika, betri kuukuu, vyombo vya dawa za mashambani. Hivyo visiguswe kamwe.

Ombi langu

Nimekwisha kuingia katika ghala lile kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule. Mna vitanda vya chuma vya mabweni ya zamani. Mna majembe yaliyolika hadi yakabaki kama kiganja, tuliyolimia shamba la shule wakati wa siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967. Mna madawati, makufuli yasiyo na funguo, na sahani za bati za bwalo. Geuzeni sahani yoyote, mtaona jina lililokwaruzwa kwa msumari ili isiibwe. Baadhi ya majina hayo ni ya wenzetu tuliokwisha kuwazika. Mnunuzi wa vyuma atazipima kwa kilo, na hana kosa, maana mizani yake haisomi majina.

Basi naomba mambo matatu kabla lori halijaja. Kwanza, uuzaji uahirishwe kwa muhula mmoja. Pili, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wavitoe vitu vile, wavioshe, wavipange kwa aina, na kwa kila kitu waandike kilitumika wapi na nani anakikumbuka. Sisi wazee tutakaokuja siku ya mkutano tutawasaidia. Tatu, mchango wetu wa mwaka huu umlipe mwalimu wa sanaa kwa siku mbili kwa wiki, na ununue koleo, waya, misumari, nyundo na glovu. Kitakachobaki bila kazi mwisho wa muhula kiuzwe, na fedha ziende maabara ya kemia. Hapo hatutakuwa na ugomvi.

Nanyi vijana, msingoje mkutano wetu. Leo jioni chagueni kitu kimoja tu ambacho watu wamekishika kwa miaka na sasa wamekiacha. Kiwekeni mahali mtakapokiona kila siku. Msikiharakishe. Kikianza kuwauliza maswali, mleteeni mwalimu wa sanaa, ambaye natumaini tutakuwa tumempata.